Betri ya Gari Inakufa Kila Asubuhi: Pima Kabla Hujanunua Nyingine

Jioni umepaki gari halina shida. Asubuhi unazungusha ufunguo, linalia ta-ta-ta-ta, taa za dashibodi zinafifia, basi. Jirani anasogeza gari lake, mnashtua betri, linawaka, unaondoka. Keshokutwa ni yale yale. Ukienda kwa muuza betri atakwambia ubadilishe betri. Fundi wa altaneta, kile kifaa kinachochaji betri injini ikizunguka, atasema altaneta. Fundi rewaya ataanza kufumua dashibodi. Yeyote kati yao anaweza kuwa sahihi, ila mpaka hapo hakuna aliyepima kitu.

Wanaoshukiwa ni watatu tu. Betri yenyewe imechoka, haitunzi chaji. Au betri ni nzima lakini haichajiwi inavyotakiwa gari likitembea. Au vyote viwili ni vizima, ila kuna kitu kinakula umeme kimyakimya gari likiwa limezimwa. Tutawapima kwa mpangilio huo, kwa sababu ukianza na huyo wa tatu huku betri imekufa, utapoteza siku nzima.

Unachohitaji

Mita ya kidijitali inayopima volti za DC (umeme kama wa betri) na AC (umeme kama wa nyumbani), milivolti, na yenye tundu la ampea 10. Za bei nafuu zimejaa Kariakoo, na Nairobi utazipata Luthuli Avenue. Kwa kazi hii zinatosha. Spana namba 10 inafungua vichwa vya betri vya gari nyingi za Kijapani. Ongeza bisibisi, msasa laini na tochi. Chaja ya betri ukiwa nayo ni vizuri, usipokuwa nayo peleka betri kwa mchaji.

Betri inayochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, ambayo cheche moja inatosha kuilipua, kwa hiyo sigara weka mbali. Vua pete na saa ya chuma. Ukifungua betri, anza na kichwa cha negativu. Ukifunga, negativu iwe ya mwisho. Maji ya betri ni asidi: yakiingia jichoni, osha kwa maji safi mengi yanayotiririka kwa robo saa, kisha nenda hospitali hata kama unaona nafuu.

Hatua ya 1: Jiulize maswali kabla ya kushika spana

Gari linakufa likikaa muda gani? Likilala usiku mmoja tu baada ya kutoka safari ndefu, shuku betri iliyochoka au mlaji mkubwa. Likikaa siku nne au tano ndipo life, shuku mlaji mdogo. Likifia njiani, au likagoma dakika kumi baada ya kulizima sokoni, elekeza macho kwenye altaneta na mkanda wake.

Betri ina umri gani? Kwa joto la Dar, Mombasa au Tanga, betri iliyofika miaka mitatu imejitahidi. Joto hulisha kutu ndani ya sahani zake na kukausha maji, ndiyo maana betri ya Pwani huwahi kuchoka kuliko ya Iringa. Kama yako ina miaka minne na inasuasua, usitafute mchawi.

Swali la mwisho ndilo lenye faida kuliko yote: kabla ya tatizo kuanza, kuna kitu kilifungwa? Redio mpya yenye skrini, alamu, kifaa cha kufuatilia gari, kamera ya dashibodi, spika za buti? Kama jibu ni ndiyo, kiandike pembeni. Tutakirudia.

Hatua ya 2: Vichwa vya betri

Nikisema nguzo, namaanisha vile vinundu viwili vya risasi juu ya betri. Kichwa ni kile kishikio cha mwisho wa waya kinachobana nguzo. Shika kila kichwa kwa mkono, jaribu kukizungusha. Kikicheza hata kidogo, umepata jambo.

Hapa kuna ugonjwa wa gari zetu ambao hautajwi sana. Betri za Kijapani za saizi ndogo zina aina mbili za nguzo, nyembamba na nene. Mtu akinunua betri ya nguzo nyembamba wakati vichwa vya gari lake ni vya nguzo nene, kichwa hakibani. Muuzaji anachukua msumari, au kipande cha kopo la soda, anachomeka katikati, anagonga, anakaza, na gari linawaka. Wiki mbili baadaye msumari umeshika kutu, umeme unapita kwa shida kwenda na kurudi, betri haijai, na wewe unaambiwa altaneta imekufa. Ukiona msumari, utoe. Tafuta kichwa kinachofaa au kile kikombe cha risasi kinachovikwa juu ya nguzo nyembamba. Kwenye betri zilizoandikwa mfano 46B24L, herufi S ikifuata mwishoni ina maana nguzo ni nene.

Unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa usafishe kwa maji ya moto yenye magadi, ukihakikisha hayaingii kwenye vifuniko vya betri. Suuza, kausha, piga msasa mpaka risasi ing'ae, kaza, kisha paka grisi kwa juu. Fuata pia waya wa negativu mpaka unapofungwa kwenye bodi na kwenye injini. Bolti ya upande ule hulegea na kushika kutu vilevile, ila kwa kuwa imejificha hakuna anayeiangalia.

Hatua ya 3: Ijaze betri, iache ipumzike, pima

Ukipima betri iliyokufa utaambiwa tu kwamba imekufa, jambo ambalo unalijua. Ichaji kwanza ijae. Betri ya ampea-saa 45 (kipimo cha chaji inayoweza kubeba) ikichajiwa kwa ampea 4 au 5 inahitaji saa kumi na zaidi, kwa hiyo ni kazi ya usiku kucha. Kuzungusha gari mtaani nusu saa hakuijazi. Altaneta imetengenezwa kurudishia kilichopungua, siyo kufufua maiti.

Ikishajaa, iache saa kadhaa bila kuiunga kwenye gari, kisha pima volti kwenye nguzo zenyewe:

- 12.6 au juu kidogo: imejaa.
- 12.4: karibu robo tatu.
- 12.2: nusu.
- 12.0: imebaki kama robo.
- Chini ya 11.9: tupu.

Iache mpaka kesho bado haijaungwa, upime tena. Ikitoka 12.6 jioni na asubuhi iko 12.2 huku haijagusana na gari, mla umeme wako yumo humo humo ndani ya betri. Na ukiona inaganda kwenye 10.5 hata uichaji vipi, hiyo imekufa seli moja: betri ina seli sita, kila moja volti 2.1, toa moja unapata 10.5. Hakuna dawa.

Betri yenye vifuniko ifungue uangalie maji. Sahani zinatakiwa zifunikwe. Zikiwa wazi, ongeza maji yaliyochujwa kwa mvuke tu, siyo asidi, hata fundi akisisitiza kwamba asidi "itaipa nguvu". Kinachopotea kwa joto ni maji. Asidi hubaki humo humo. Ukimwaga nyingine unaikoleza na kuzila sahani.

Sasa irudishe kwenye gari, mtu apige stata wewe ukiwa umeweka mita kwenye nguzo. Volti zitashuka, ni kawaida. Zikibaki juu ya 10, vizuri sana. Zikidondoka chini ya 9.6 wakati betri ilikuwa imejaa, betri haina tena nguvu ya kusukuma stata, ingawa ikipumzika inaonyesha 12.6 nzuri kabisa. Hapo ndipo watu wengi hudanganyika. Kama volti zinabaki juu na stata bado inazunguka kwa uvivu, hamisha mita: waya mmoja kwenye nguzo ya negativu, mwingine kwenye chuma kitupu cha injini, piga stata tena. Ukisoma zaidi ya nusu volti, waya wa negativu haupitishi vizuri.

Hatua ya 4: Altaneta

Washa gari, mita kwenye nguzo za betri. Gari nyingi zitaonyesha kati ya 13.8 na 14.5. Kisha washa kila kitu: taa kubwa, feni ya AC, kioo cha nyuma cha kuondoa ukungu, wipa. Kanyaga mafuta kidogo. Volti zikibaki juu ya 13.5, altaneta inafanya kazi. Zikiwa 12.4 na zinaendelea kushuka, haichaji. Zikipita 15, kidhibiti cha altaneta kimeharibika na kinaichemsha betri. Dalili yake ni betri kuvimba ubavuni au kunuka kama yai viza.

Kabla ya kuishusha altaneta, angalia mkanda. Uliolegea au kung'aa kwa uchakavu huteleza hasa asubuhi na wakati wa mvua, ukipiga kelele. Plagi na waya mnene wa nyuma ya altaneta viangalie pia. Altaneta nyingi hazijafa, ni kaboni zake zimeisha, na kaboni hubadilishwa.

Kipimo kingine ni cha dakika moja. Gari likiwa linaunguruma, hamishia mita kwenye volti za AC, pima hapo hapo kwenye betri. Zaidi ya 0.5 ni ishara kwamba diodi ya altaneta, kile kidude kinachoruhusu umeme upite upande mmoja tu, imepasuka. Altaneta ya namna hiyo inaweza kuchaji nusunusu mchana, na usiku ikawa ndiyo inayonyonya betri.

Mtu asikuchomolee kichwa cha betri gari likiunguruma ili "kuona kama altaneta inachaji". Ni mtindo wa zamani, na bado upo gereji nyingi. Betri ndiyo inayotuliza umeme wa gari. Ukiitoa ghafla, volti huruka juu sana na kontroboksi, yaani kompyuta ya gari, inaweza kuungua. Bei ya kontroboksi na bei ya betri hazikai sentensi moja.

Hatua ya 5: Mla umeme wa usiku

Umefika hapa betri ni nzima, vichwa vimekaza, altaneta inachaji. Sasa tuna mwizi.

Kila gari hula kidogo likiwa limelala: saa, alamu, kumbukumbu ya kontroboksi. Chini ya miliampea 50, yaani ampea 0.05, ni sawa. Hesabu yake ni rahisi: 50 kwa saa 24 ni ampea-saa 1.2 kwa siku. Ukisafiri wiki tatu, ampea-saa 25 zimeondoka, na betri ya 45 imepita nusu. Gari hilo halina ugonjwa, limeachwa tu. Linganisha na taa moja ya buti ya wati 5 isiyozimika: inakula ampea 0.4, yaani ampea-saa 10 kwa siku. Usiku wa pili au wa tatu umekwama.

Kwa hiyo anza na taa, kwa macho. Weka simu ndani ya buti ikirekodi video, funga buti, hesabu mpaka kumi, fungua, tazama. Fanya hivyo kwenye droo ya dashibodi pia. Usiku zunguka nyuma ya gari uone kama taa za breki zimewaka. Gari za Kijapani zenye umri zina kidude cha plastiki kinachobonyeza swichi ya breki kwa juu ya pedali. Kinapozeeka kinamomonyoka, swichi haibonyezwi tena, taa za breki zinawaka usiku kucha. Piga tochi kwenye kapeti chini ya pedali: ukikuta vichembe vya plastiki iliyokatika, umeshampata. Ni kipuri cha bei ndogo mno.

Gari la kubonyeza badala ya ufunguo lina mtego wake. Ukilizima gia haiko P, mengi hayazimiki kabisa, yanabaki ACC, ile hatua ya kuwasha redio na vifaa bila injini. Redio imenyamaza, wewe umeenda kulala, na gari bado liko macho.

Kama macho hayajaona kitu, pima mkondo:

1. Shusha kioo cha dereva, zima kila kitu, toa ufunguo. Ufunguo wa rimoti upeleke ndani ya nyumba, mbali na gari.
2. Acha wazi mlango ulio karibu na boksi la fyuzi, kisha sukuma kitasa chake kwa bisibisi mpaka kijifunge, gari lidhani mlango umefungwa. Kifungue tena kabla ya kuufunga mlango, la sivyo utavunja kitasa.
3. Waya mwekundu wa mita uhamishie tundu la 10A, swichi iweke ampea za DC.
4. Banisha waya mmoja wa mita kwenye nguzo ya negativu na mwingine kwenye kichwa chake, ndipo ulegeze kichwa na kukinyanyua. Ukifanya hivyo umeme haukatiki, na mitambo ya gari haishtuki na kuamka upya.
5. Usiwashe swichi wala kupiga stata mita ikiwa hapo. Fyuzi ya mita itakatika.
6. Subiri nusu saa, gari zingine zaidi. Mwanzoni utaona ampea nzima au zaidi, usiogope. Kompyuta za gari zinalala moja baada ya nyingine. Ikitulia chini ya 0.05, hakuna mwizi. Ikiganda kwenye 0.3 au 0.6, yumo.

Ukishajua yumo, njia ya kawaida ni kuchomoa fyuzi moja moja huku mtu akiangalia mita. Inayoshusha namba ndiyo yenye mwizi. Mimi napendelea njia nyingine, kwa kuwa kuchomoa na kurudisha fyuzi huamsha mitambo na kukuvuruga. Rudisha kichwa cha betri, acha gari lilale, weka mita kwenye milivolti, gusa vile vitobo viwili vidogo vya chuma mgongoni mwa kila fyuzi. Sifuri maana yake hakuna kinachopita. Ukisoma hata desimali chache, umeme unapita hapo. Unamaliza boksi zima bila kuchomoa kitu.

Kisha soma kifuniko cha boksi uone fyuzi hiyo inalisha nini. Kwenye Toyota nyingi DOME hubeba taa za ndani na vitu vinavyohitaji umeme muda wote, STOP ni breki, RAD ni redio. Chomoa vifaa vya njia hiyo kimoja kimoja mpaka namba ishuke.

Kama hakuna fyuzi inayobadilisha chochote, mwizi hapiti kwenye boksi. Fuata kila waya unaotoka moja kwa moja kwenye nguzo ya pozitivu: amplifaya ya spika, alamu, kifaa cha kufuatilia. Ukimaliza hizo, bandua waya mnene wa altaneta, ila fungua betri kwanza, uzungushie utepe, rudisha mita. Namba ikidondoka, ni diodi.

Sasa ile orodha uliyoandika pembeni. Redio za skrini zinaongoza kwa kesi hizi, na kosa huwa dogo. Redio ina waya wa njano unaotunza kumbukumbu, wenye umeme muda wote, na mwekundu unaopata umeme ufunguo ukiwa ACC tu. Fundi akikosa umeme wa ACC, au akiwa na haraka, anafunga njano na mwekundu pamoja. Redio inawaka, mteja anafurahi, na kuanzia siku hiyo haijui kwamba gari limezimwa. Skrini nyeusi siyo ushahidi kwamba imelala. Zitenganishe nyaya hizo, mwekundu uende ACC.

Kifaa cha kufuatilia kikiwa ndicho mlaji, na gari ni la mkopo, usikichomoe kimya kimya. Waambie waliokifunga waje wakirekebishe, maana kikizimika kwao inasomeka kama gari limeibiwa.

Gari za haibridi

Prius, Aqua na wenzao hazina altaneta wala stata ya kawaida. Betri yao ndogo ya volti 12 huchajiwa na mtambo unaochukua umeme wa betri kubwa, na huchajiwa gari likiwa READY tu. Kukaa ndani ukisikiliza redio gari likiwa ACC ni kuinyonya. Vipimo vya hatua ya 3, ukiacha kile cha stata, na vya hatua ya 5 vinafanya kazi kama kawaida, kwenye betri ndogo. Nyaya nene za rangi ya chungwa usiziguse kabisa.

Ukishampata

Ukirekebisha, chaji betri ijae kabla ya kurudi barabarani. Kila mara betri inapokauka kabisa na kukaa hivyo, fuwele ngumu za salfeti hukua kwenye sahani na sehemu ya uwezo wake hairudi. Betri mpya iliyokauka mara nne tano mwezi mmoja inaweza kuwa imeshakuwa mbovu kwa kosa lisilo lake, kwa hiyo irudie hatua ya 3 kabla ya kuitetea kwa warantii.

Kama lazima ununue, chukua saizi na mpangilio wa nguzo ule ule, L au R, uangalie nguzo ni nene au nyembamba, na usome tarehe ya kutengenezwa. Betri iliyokaa rafu mwaka mzima bila chaji haina upya wowote. Ibebe mita yako, mwambie muuzaji akutolee kutoka kwenye boksi, upime pale pale kaunta. Ikisoma chini ya 12.4, omba nyingine.